Godoro Liko Kando

Mama Nasipwondi alikuwa njiani kutoka Chwele kuja Nairobi, na Murunga hakuwa na mahali pa kumlaza.

Chumba chake cha Silanga, pale Kibera, kilimtosha yeye, mkewe Jentrix na vifaa vyake vya useremala. Hata kingekuwa kikubwa kama kanisa, kisingefaa. Kwa Wabukusu, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, wala hawashikani mikono. Na huyu alikuwa anakuja likizo ya Krismasi na neno moja: ataona kwanza binti yake anatunzwa na mtu wa namna gani, ndipo aseme kama harusi ya kanisani itakuwapo. Murunga aliitaka harusi hiyo kwa moyo wote. Kiti cha bibi harusi alikuwa amekwisha kukichonga.

Alizunguka mpaka Kawangware, akaona kibao kando ya barabara: VYUMBA VYA WAGENI. BEI MOJA, KILA KITU NDANI. Mwenye nyumba, Bwana Timothy, alikuwa na tabasamu pana na funguo nyingi kiunoni. Vyumba vilipangana mstari mmoja chini ya mabati marefu, na cha mwisho alikaa mwenyewe. Murunga alilipa wiki nzima, akarudi Kibera akipiga mluzi njia yote.

Siku ya mgeni alitangulia mbele sana na mzigo, kama impasavyo mkwe. Mama Nasipwondi alifuata na Jentrix, amekumbatia kuku mwekundu.

“Karibuni,” alisema Timothy. “Ila godoro liko kando.”

“Si kibao kinasema kila kitu kiko ndani?”

“Kitanda kiko ndani. Nenda uangalie. Godoro ndilo liko kwangu.”

Murunga alimvuta nyuma ya ukuta ili mama mkwe asisikie, akalipia na godoro. Hawajarudi vizuri, Timothy akakumbuka balbu.

“Stima iko, bosi. Lakini stima bila balbu utaionaje?”

Wakarudi nyuma ya ukuta. Kisha ukaja ufunguo.

“Mlango utafungwa na nini?”

“Ukiwa ndani, kuna komeo. Ufunguo ni wa mtu anayetaka kutoka.”

Kisha choo, ambacho kilikuwa na kufuli. Mfuko ulipokauka, Murunga alivua saa yake akaiacha rehani, akatokea akitabasamu kana kwamba walikuwa wakizungumzia mvua. Mpangaji mmoja, Nyamai, aliyekuwa akifua nguo uani, alizidi kuzisugua polepole ili asipitwe na neno.

Timothy akamtazama kuku.

“Na huyu? Naye ni mgeni. Analala wapi?”

Murunga alijitazama mpaka miguuni. Hakukuwa na kingine cha kuvua ila viatu. Jentrix aliinamisha kichwa. Hapo Mama Nasipwondi, aliyekuwa ameketi juu ya mzigo wake, alizungumza.

“Kijana mwenye nyumba, wewe ni wa wapi?”

“Kimilili, mama, Mbukusu mwenzenu. Usinione mtu mbaya. Hata bibi yangu ni wa kwenu Chwele. Amekwenda huko kwa baba yake kula Krismasi.”

“Chwele kwa nani?”

“Kwa mzee Wepukhulu, yule mwenye kinu cha kusaga mahindi,” alisema Timothy kwa fahari, huku akinyoosha mkono amsalimie.

“Filister,” alisema Mama Nasipwondi.

“Unamjua?”

“Wepukhulu ni tumbo moja na mume wangu. Filister ni mtoto wangu, nimembeba mgongoni. Alitoroka na mwanamume wa Nairobi ambaye mpaka leo hatujamwona sura. Huyu Jentrix alikuwa bado ananyonya.”

Mkono wa Timothy ulirudi upesi kama uliogusa jiko la makaa. Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukakuta ua wa seng'enge.

“Timothy, unaenda wapi?” Nyamai aliuliza juu ya beseni. “Bado hujatuambia bei ya kuku.”

Mama Nasipwondi hakumtazama tena. “Jentrix, muulize shemeji yako. Paa la chumba changu linaishia wapi?”

Wote wakainua macho. Mabati yalitoka juu ya chumba cha mgeni, yakaenda bila kukatika mpaka juu ya kitanda cha Timothy.

“Basi mmoja wetu atalala kwingine. Mimi nimelipiwa.”

Timothy alizigeuzia uso seng'enge, akaweka pesa zote na saa juu ya jiwe. “Murunga,” alisema bila kugeuka, “mwambie mama kufuli ya choo nimeitoa.”

Jioni Timothy alifika kwa Murunga, Silanga, na shuka kwapani. Nairobi nzima hakuwa na ndugu mwingine. Murunga alimwacha asimame mlangoni kidogo, kisha moyo ukamshinda, akamtandikia godoro lake mwenyewe. Hawajakaa, Jentrix akaingia kuchukua sufuria ya kupikia yule kuku.

“Mama amesema nini?” Murunga aliuliza.

“Amesema ulidhani yeye ni kiziwi. Mtu anayevua saa ili mama mkwe apate choo, kisha anatoka akicheka, huyo atanitunza.” Jentrix alitazama chini, akitabasamu. “Harusi iko. Lakini na ya Filister, siku hiyo hiyo. Mkwe aliyejificha amekwisha kuonekana.”

Murunga aliketi juu ya mbao zake. Timothy alitazama kiti cha bibi harusi pembeni, kimoja tu, akapitisha kidole kwenye egemeo lake lililolainishwa vizuri.

“Ndugu yangu,” alisema kwa unyenyekevu, “utanichongea na cha Filister?”

“Bila shaka. Mbao ziko,” alisema Murunga, akiifuta saa yake kwa shati. “Misumari ndiyo iko kando.”