Mbao za Chini ya Kitanda

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa Yunus, alirudi kutoka Ubelgiji na nyumba yake juu ya magurudumu. Sisemi kwa mafumbo. Lilikuwa gari, wenyewe wanaliita camping-car, lenye kitanda, jiko, choo na frigo, lililopanda meli mpaka Matadi, likapita barabarani kukwepa maporomoko, na kisha chelezo la mizigo mpaka bandari yetu ya Kisangani. Mtaa mzima ulitoka kulitazama. Papa yetu, mzee Hemedi, ambaye tangu Ramadhani alikuwa hatoki kitandani ila kwa kushikwa, aliomba kiti kiwekwe barazani amwone mwanawe akiingia. Yunus akaingia, akambusu papa mkono, akaonja lituma yangu ya ndizi za kuponda, kisha akaenda kulala garini mwake.

Chumba chake nilikuwa nimekipaka chokaa. Nilikuwa nimefunga neti mpya. Nilitaka kummwagia ile ndoo ya maji niliyomchotea ya kuoga, lakini papa alinishika kitambaa.

“Acha, Safi. Iko mu parcelle, mu kiwanja yetu. Inatosha.”

Papa alikuwa seremala, na kwetu sisi Waislamu wa hapa mzee mwenye akili hangoji kifo kimkute mikono mitupu. Mama aliweka sanda na marashi sandukuni, akavikuta siku yake ilipofika. Papa yeye aliweka mbao. Ugonjwa ulipomshika mara ya kwanza alichagua kambala kavu, mti mgumu usiooza upesi, akaikata mwenyewe kwa kipimo cha mwanandani, zile mbao zinazopangwa juu ya maiti kaburini ili udongo usimwangukie. Akazipiga randa upande mmoja tu, ule utakaomwelekea yeye. Upande wa udongo akauacha na makovu ya msumeno. Zikalala chini ya kitanda chake miaka yote hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nazifuta vumbi. Alikuwa amebakiwa na haja moja: Yunus, mwanawe wa kiume wa pekee, ashuke kaburini na azipange kwa mikono yake. Alisema hivyo kila Ijumaa, mpaka nikaichukia Ijumaa.

Sasa kiwanja chetu kinateremka kuelekea mto Tshopo. Gari lilisimama limeinama kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Yunus alilala kichwa chini miguu juu, akaamka kila asubuhi amevimba uso. Yai likiwekwa mezani linakimbia. Na lile frigo lake la gaz, kumbe, ni la aina isiyopoza mpaka lisimame sawasawa.

“Kule kwetu tunanunua ma-cales, kabari za plastique,” alisema, na hilo “kwetu” nililisikia vizuri. “Unaweka chini ya roue, gari inapanda, basi. Kuziagiza mpaka huku iko bei ya wazimu.”

Dady, jirani yetu anayejenga, akampa matofali. Yakapasuka chini ya gurudumu yakawa unga. Akajaribu vipande vya parasolier, mti mwepesi usiofaa hata kwa kinu. Vikabonyea kama lituma. Yunus akapiga teke gurudumu, akaumia kidole, nami nikacheka wazi kabisa.

“Bon,” akasema. “Nitapeleka gari Simi-Simi, kule ku kiwanja cha ndege ya zamani. Kule udongo iko plat, sawasawa. Nitakuwa nakuya kusalimia papa.”

Papa alikuwa anasikia dirishani. Akaniita.

“Toa zile mbao.”

“Mbao gani, papa?” Nilijua mbao gani.

“Safi. Toa.”

“Papa, mchelea mwana kulia...”

“Hulia yeye. Ni mimi nilikufundisha ile.” Alipumzika kwanza, pumzi ilikuwa inamtoka kwa shida. “Akienda Simi-Simi, mutu atamuona tena hapa? Mbao itapatikana ingine. Mutoto mwingine sina. Na usimuambie, mpaka nimeingia mu udongo.”

Mutoto mwingine sina. Nami nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, mkono chini ya kitanda chake, nazivuta.

Akabebwa mpaka barazani, akafundisha kama enzi zake. Ubao wa chini uwe mrefu, wa katikati ufupishwe, wa juu zaidi, na mwisho wa kila mmoja ukatwe mshazari ili gurudumu lipande polepole. Yunus alikata huku anapiga mluzi.

“Upande ya laini uende chini,” papa alisema. “Pneu ya gari isiteleze.”

“Papa, juu ya nini ulipiga rabot upande moja tu?”

“Nilichoka,” papa akajibu.

Niliingia jikoni nikalia kwa sauti. Waliponiuliza nikasema ni moshi, na moto ulikuwa haujawashwa.

Gari likapanda zile ngazi za mbao taratibu, likasimama sawasawa. Papa aliomba niveau yake, pimamaji ya zamani, iwekwe juu ya meza ya garini, kisha aletewe habari. Kiputo cha hewa kilikaa katikati kabisa. “Papa, weye iko ingénieur!” Yunus alipiga kelele, akaja akamkumbatia. Nisiwe mwongo: papa alifurahi. Alicheka mpaka akakohoa. Na Yunus hakwenda Simi-Simi. Kila jioni alitoka garini na kahawa yake, akakaa kwenye kizingiti cha papa, wakazungumza habari za misumeno na za theluji. Nikaanza kufikiri labda mimi ndiye mwenye roho mbaya.

Kisha wakaja watu wa mradi fulani, wanataka kwenda Bengamisa na hawataki kulala kwenye nyumba za wageni za kule. Gari la Yunus lilikuwa limeletwa kwa ajili ya watu kama hao. Asubuhi ya safari nilimwona anapakia zile ngazi.

“Yaya, acha hizo mbao.”

“Juu ya nini? Njiani ndiyo nitazihitaji zaidi. Kule hakuna fasi iko sawasawa.”

Nikamtazama papa kwenye kiti chake. Papa akatikisa kichwa. Nikafunga mdomo, mdomo wangu huu ambao haujawahi kuwa na mlango, na gari likaondoka na kaburi la baba yangu ndani.

Papa alikufa alfajiri, kabla Yunus hajarudi. Nilimpata kwa simu. Alilia, akasema mvua imekata njia. “Munisubiri, Safi. Kesho niko hapo. Munisubiri!”

Nikamwomba Cheikh Assumani tungoje. Akanitazama kwa huruma, lakini hakurudi nyuma. “Maiti hangojeshwi, binti. Asiyekuwepo na lake halipo. Tunazika leo.” Kisha akauliza, “Mbao za mzee ziko wapi? Alinionyesha mwenyewe.”

“Ziko Bengamisa,” nikamjibu.

Hakuelewa, na sikumweleza. Muda wa kupasua mbao mpya haukuwapo. Dady, Mungu amjalie, aling’oa zile alizokuwa amezungushia saruji ya nguzo zake, akazikata haraka haraka. Nikakaa chini uani nikazikwangua kwa kisu changu cha kukatia pondu, majani ya muhogo. Saruji nyingine ilitoka, nyingine ikakataa. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Nilisimama langoni nikamwona papa anaondoka mabegani mwa watu, na mbao za Dady zinafuata nyuma kwenye toleka, baiskeli ya kubebea abiria, zimefungwa kwa mpira. Mtu aliyetengeneza milango ya nusu ya mtaa akafunikwa kwa takataka za ujenzi, na aliyezipanga alikuwa jirani.

Yunus alifika kesho yake, matope mpaka kioo cha mbele. Alianguka mlangoni akalia kilio cha kweli, na wazee wakamwinua. Akaenda kaburini, akarudi macho mekundu. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa matanga, mikeka mpaka chumbani kwake. Baada ya alasiri akaniita nje.

“Safi, niangalilie roue. Nimechoka, nataka kulala kidogo.”

Alikuwa amezipanga zile ngazi pale pale pa zamani. Nikasimama nikaangalia gurudumu linapanda. Akazima mota, akashuka, akachuchumaa kuzikagua. Mpira ulikuwa umechora mistari yake juu ya kambala.

“Zimeanza kuchubuka,” alisema. “Papa hakuacha zingine? Bois kama hii haipatikane tena.”

Ahadi yangu ilikuwa imekwisha. Papa alikuwa ameshaingia udongoni.

“Hakuacha,” nikasema. “Zilikuwa ni hizo tu. Alizikata za kumfunika mu kaburi. Alikuwa anangoja weye ndiye uzipange.”

Alinitazama kama mtu anayengoja nicheke. Sikucheka. Polepole akapitisha vidole chini ya ubao, pale udongo ulipoacha nafasi, akagusa ule upande uliopigwa randa.

“Juu ya nini hakuniambia?”

“Alitaka ulale muzuri. Alitaka usiende Simi-Simi.”

Akaushika ubao kwa mikono miwili akavuta. Gari zima lilikuwa juu yake. Akavuta tena, magoti matopeni, kucha zikatoka damu, na watu wa matanga wakaanza kutoka kutazama.

“Acha, yaya,” nikamwambia. “Kaburi haifunguliwi. Panda, ulale. Gari yako iko niveau.”