Mkono Mmoja wa Wimbo

Kiharusi kilipompiga baba, kiliuchukua mkono wa kushoto kikauacha wa kulia. Mwingine angeshukuru. Lakini baba alikuwa mpiga gitaa, na mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi. Wa kulia bila mwenzake ni kelele tu.

Binti yake, fundi cherehani, aliliona gitaa linakula vumbi ukutani mpaka akachoka kuliona. Jioni moja akalishusha, akampakatisha baba, kisha akaketi kitandani kushoto kwake, mkono wake wa kushoto ukashika pale ulipokuwa ukishika ule wa baba uliokufa.

"Bonyeza hapa, mwanangu. Si hivyo, hiyo si chunusi," baba akasema.

Vidole vilimuuma hata sindano ikamshinda kushika. Baadaye vikaota sugu, na kelele ikawa sauti. Haba na haba, sauti ikawa wimbo, ule baba aliomtungia mama enzi za kumposa. Baba anakung'uta, binti anabonyeza, wanapumua pamoja kama watu waliobeba ndoo moja. Wakipatia, baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, na binti alisikia furaha ikimpanda mpaka kooni.

Mama alipita na nguo za kuanika. "Watu wawili, gitaa moja. Hata haya hamna." Ila nguo zenyewe hazikwenda kuanikwa mpaka wimbo uishe.

"Sasa jifunze na mkono wa kulia," baba akasema. "Mimi ni wa kuondoka. Wimbo usizikwe na mimi."

"Kesho, baba."

Kesho ikazaa kesho. Haukuwa uvivu. Binti aliona kwamba siku atakayoweza peke yake, baba atabaki mgonjwa tu, mtu wa kulishwa na kugeuzwa. Penye gitaa baba alikuwa bado fundi. Angemnyang'anyaje?

Kiharusi cha pili hakikubisha hodi.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, binti alilichukua gitaa, akaketi kitandani mahali pake pa siku zote. Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe, unapanda, unashuka, unajua kila kituo. Wa kulia ulikaa juu ya nyuzi kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Alipoulazimisha, ikatoka sauti ya bati. Akauweka mapajani, akaendelea kubonyeza tu, wimbo wote, bila mlio.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, macho yakifuata vile vidole.

"Hapo," akasema, "ndipo alipokuwa akinitaja jina."

"Siwezi kuutoa, mama. Aliniambia nijifunze, nikawa namwambia kesho."

"Alijua kwa nini. Aliniambia."

Binti akainamisha kichwa juu ya gitaa, akalia. Mama hakumnyamazisha. Akaja akaketi upande wa kulia, pale godoro lilipobonyea kwa kukaliwa na baba, nyuzi asiziguse.

"Haya, rudia."

Binti akajifuta macho, akarudia. Vidole vikapanda kimya.

"Umekwenda mbio," mama akasema. "Yeye hapo alikuwa akingoja kidogo."

Binti akarudi nyuma, akafika pale, akangoja.