Neno Alilozikwa Nalo Nekesa

Jumamosi moja ya Agosti mwaka 2004, Mwalimu Jotham Sifuna alikuwa barazani kwake mjini Kitale akimweleza Hamid, muuza vitambaa wa karibu na msikiti, kwa nini barua ya kumwomba mwenye jengo subira haifai kuanza na "I want". Andika "I kindly request", alimwambia, mwenye jengo ajue anaongea na mtu. Hamid akaandika. Mtaa mzima ulimletea Jotham Kiingereza chake, kama watu wanavyompelekea fundi viatu.

Saa kumi na mbili na nusu akaingia Nekesa, mama yake Jotham. Alikuwa amezikwa kijijini kwao Kibabii wiki tatu nyuma, na huko ndiko alikotoka kwa miguu, kwa hiyo alikuwa na vumbi hadi magotini. Hamid alimpisha kiti, akampa pole kwa msiba. Nekesa akashukuru, akasema ni mambo ya Mungu. Nasike, mke wa Jotham, akaleta chai na kuomba radhi kwamba maziwa yalikuwa kidogo.

Hamid alipoondoka, Nekesa alifungua leso akatoa programu ya mazishi, ile yenye picha yake. Maana kwao marehemu husomewa wasifu kwa Kiingereza, hata kama yeye na nusu ya wafiwa hawakijui. Ukisomwa kwa Kibukusu, lugha yao, watu husema aliyekufa hakusomesha watoto.

"Wafu wenzangu wenye kusoma wamenionyesha hii," alisema, kidole juu ya neno moja. "Ndio watu walipigia makofi. Inasema nini, baba?"

Neno lilikuwa "hotelier". Jotham alikuwa amelitafuta kwenye kamusi siku mbili nzima. Akajibu akitazama chini kwamba ni mtu mwenye hoteli, anayelaza wageni na kuwalisha.

Nekesa aliondoa kidole. Tangu Jotham aanze darasa la kwanza hadi alipomaliza chuo, mama huyu alipika na kuuza busaa, pombe ya kienyeji iliyokatazwa na serikali. Alikaanga unga kwenye bati moshi ukimla macho, wazee wakaja na mirija yao kuzunguka chungu, na karo ikalipwa kila muhula. Mwaka wa mtihani wa kidato cha nne, askari wa chifu walimwaga chungu hicho na kumlaza ndani siku tatu. Yote hayo Jotham aliyajua. Aliona aibu, basi. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini wahenga hawakuwahi kuzika mama mbele ya mkuu wa shule wanayofundisha.

"Huko niliko wananiuliza mimi ni nani," Nekesa alisema. "Wanangoja mama wa hoteli. Mimi sijawahi kuwa na hoteli, Jotham. Sasa mlizika nani?"

Hakumgombeza. Alitaka jambo moja tu: siku ya ukumbusho asomewe upya, kazi yake itajwe mbele za watu, apate kupokelewa kwa wafu. Jotham akakubali. Aliandika ukurasa mzima kwa Kibukusu, akamsomea, naye akamsahihisha mahali pamoja, kwenye kipimo cha kimea. Akakaa nao hadi Desemba, akichambua maharagwe na Nasike.

Siku ya ukumbusho, huko Kibabii, hema lilijaa. Mkuu wa shule aliketi mbele pamoja na afisa wa elimu kutoka Bungoma mjini, na Nekesa aliketi kati yao, amevaa gauni alilozikwa nalo. Afisa alimsalimia na kumuuliza habari za safari. Jotham akasimama. Ukurasa wa Kibukusu ulikuwa mfuko wa kulia, programu ya zamani mfuko wa kushoto. Alimtazama mama yake, akamtazama mkuu wa shule. Akaingiza mkono mfuko wa kushoto.

Alisoma vizuri, bila kujikwaa. Alipofika kwenye "hotelier", mkuu wa shule alipiga makofi na hema zima likafuata. Nekesa akageuka huku na huku, akaona watu wote wanampigia mwanawe makofi, naye akapiga.

Jioni walirudi naye Kitale. Hakuwa na pengine pa kwenda.