Mgeni wa Meza Kuu

Hoteli ile ya Lindi ilipofungua chumba cha kamari, mwaka ule Wazungu wa mashamba ya karanga walipojaa mjini, meneja aliuza tikiti za bahati nasibu mpaka sokoni. Alidai ni mchango wa wodi ya wazazi, na zawadi ni chakula cha mchana cha watu wawili kwenye meza kuu ya Jumamosi. Pesa za wauza samaki hazikumnukia hata kidogo. Jina likachomolewa mbele ya soko zima, likatoka la Bi Mwahija, muuza samaki wa kukaanga, na hapo ndipo meneja alipoanza kujikuna kichwa.

Severini alikuwa boi wa mezani pale. Alikuwa Mmakonde wa Newala, Mkristo wa watu aliyevalishwa kanzu na mshipi mwekundu kwa sababu eti wageni walipenda kuona hivyo. Alipomwona Bi Mwahija anaingia kwa mlango wa mbele, kajitanda kanga mpya, roho ilimruka. Mama huyu ndiye aliyempokea alipoteremka mjini hana ndugu wala mkeka, akamlaza barazani kwake na kumlisha mpaka alipopata kazi hii. Na kazi hii ndiyo iliyowalisha sasa mkewe Valeria na watoto wao. Akamwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Bi Mwahija alikuja peke yake, maana dada yake Sada aliingiwa na woga akarudia getini.

Vyakula vilitandazwa juu ya meza kuu, toka ukuta huu hadi ule: nyama za kuoka, kuku, kambakochi, wali, keki za kila rangi. Wazungu walipita na sahani zao, kila mtu akijipakulia, kisha wakarudi kwenye gurudumu la kamari kutupa pesa. Bi Mwahija hakuinuka. Kwao mgeni hajipakulii, na anayejipakulia kwenye nyumba ya watu huonekana mlafi asiyelelewa. Akatulia, mikono mapajani, akingoja wenyeji wake wamwandalie.

Meneja akamvuta Severini pembeni. Akamwambia amtoe yule mama akale jikoni, atapewa chochote atakacho, lakini hapa wateja wananung'unika. Severini akamkumbusha habari ya tikiti. Meneja akajibu kwamba asipomtoa, atoke yeye.

Basi maskini akaenda na ujumbe ule mchungu. Bi Mwahija akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nikikataa, wewe ndiye wa kunishika mkono?"

"Ndivyo nilivyoagizwa, mama."

"Basi nishike, mwanangu. Kwa miguu yangu mimi sitoki."

Hasira zikampanda Severini, wala si za kumkasirikia mama. Miaka yote anakula makombo kasimama jikoni, na leo amburute aliyemlisha? Thubutu! Akachukua sahani safi, akaenda meza kuu, akapakua wali, kuku na kambakochi, nyama ya nguruwe akaiambaa, akarudi kumwandalia taratibu.

Meneja akaja uso umemwiva, akatangaza kwa Kiswahili chake cha kuamrisha kwamba Severini hana kazi tena, tangu dakika ile. Severini akamwona Valeria machoni pake, na watoto. Akafungua mshipi mwekundu, akamkabidhi meneja, kisha akavuta kiti cha pili akaketi.

"Tikiti ni ya watu wawili," alisema. "Mimi si boi wako sasa. Ni mgeni mwenzake Bi Mwahija."

Akasogeza kiti karibu na meza, wala hakuinuka.

Meneja akamwita Bakari, boi mwingine, awatoe nje wote wawili. Bakari akaitikia vizuri tu, akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa na birika la maji, beseni, na taulo begani. Akampita meneja bila kumtazama, akainama, akaanza kumnawisha Bi Mwahija mikono.