Gitaa la Mama Sindano Linakataa Kupotoka

Aibu ya Jumamosi iliyopita ilikuwa bado inamchoma Mama Sindano kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Katikati ya wimbo mrefu, pale ambapo bendi nzima hunyamaza ili gitaa lake liseme peke yake, alizivuta nyuzi kwa madaha yake ya siku zote, na alipoziachia zilikuwa zimekwisha kupotoka. Sauti ikatoka kama ya paka aliyekanyagwa mkia. Wachezaji wakasimama ukumbi mzima. Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, kisha hapakuwa na wa kuhesabu.

Mdogo wake, kiongozi wa bendi na mpiga ngoma ambaye mtaa wote ulimwita Kishindo, hakucheka. Alingoja mpaka vyombo vilipofungwa, ndipo akamwambia kwa upole unaouma kuliko matusi:

“Dada, gitaa lako limechoka. Jumamosi ijayo nimemwita kijana mmoja mpiga gitaa aje na lake. Wewe utashika kayamba.”

“Kayamba? Mimi?”

“Kayamba nalo ni chombo, Dada.”

“Basi lishike wewe!”

Wakavutana mpaka Kishindo akalainika kidogo. Wakakubaliana kwamba angepita kwa dada yake alasiri ya siku hiyo, kabla ya kwenda ukumbini, naye dada ampigie kipande chote cha wimbo mrefu huku akizivuta nyuzi kama kawaida yake. Gitaa lisipopotoka, kijana angeambiwa abaki kwao. Likipotoka, ni kayamba, na asisikike mtu akinung’unika.

Alasiri hiyo ndiyo ilikuwa inakaribia sasa. Mama Sindano aliondoa vitambaa juu ya meza yake ya kukatia nguo, akatandika blanketi na kulilaza gitaa lake jekundu juu yake, taratibu, kama amlazaye mtoto mwenye homa. Ugonjwa wake aliujua. Nyuzi sita za gitaa lile zilianzia nyuma, kwenye kipande cha chuma kiitwacho kishika-nyuzi, kilichokaa juu ya nguzo mbili fupi. Kutoka hapo zilipita juu ya daraja, yaani kile kijichuma chenye vijino sita, kisha zikafuata shingo hadi kwenye vigingi vya kichwani. Kishika-nyuzi cha zamani kilikuwa kizito, tena kimelegea juu ya nguzo zake. Kila nyuzi zilipovutwa kiliinama mbele, na kurudi mahali pake kilikuwa hakirudi. Kipya, ambacho alikisaka kwa udi na uvumba wiki nzima, kilikuwa cha alumini, chepesi kama kifungo cha shati, na nguzo zake zilikuwa na vifuniko vya hesi, vya kuzungushwa kama kizibo cha chupa, vya kukibana kisitikisike hata kwa dawa.

“Baba watoto, usiguse kitu hapa,” alimwonya mumewe.

“Nimegusa nini tena?” aliuliza mumewe, mikono nyuma.

Mumewe aliitwa Bwana Stoo, kwa kuwa alitunza ghala la vipuri mpaka siku ya kustaafu. Tangu siku hiyo nyumba yao ndiyo iliyokuwa ghala lake, na kitambaa cha kupangusia vumbi kilikuwa hakitoki begani mwake.

Mama Sindano alizilegeza nyuzi moja baada ya nyingine, bila pupa, akazitoa zote. Kishika-nyuzi cha zamani kikaondoka chenyewe mkononi. Daraja likabaki limekaa tu pale, halina wa kulishika, kwa sababu kinacholituliza ni mkandamizo wa nyuzi na si kingine. Akazifungua nguzo za zamani kwa bisibisi pana, akiwa ametia kipande cha flana chini yake ili rangi isikwaruzwe. Zile mpya ziliingia katika matundu yaleyale, hesi ikishika hesi, bila ubishi. Moyo ukaanza kumpa tumaini.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa mteja, mwanamume mnene mwenye suruali mkononi na malalamiko mdomoni.

“Fundi, umenibana kiuno!”

“Kiuno ni chako, baba. Mimi nilikipima tu, sikukinenepesha.”

Mteja akacheka mwenyewe, akaiacha suruali ipanuliwe, akaenda zake.

Aliporudi mezani, Mama Sindano alikibana kishika-nyuzi kipya juu ya nguzo zake, akapitisha nyuzi, akazikaza. Akazisawazisha moja moja, sikio likiwa karibu na ubao, mpaka kila moja ikatoa sauti yake halali. Akavuta uzi wa tatu kwa nguvu, akauachia. Ukarudi mahali pake. Akavuta wa pili hadi kidole kikamwuma. Nao ukarudi. Akapiga kigelegele peke yake chumbani.

Kisha akapandisha vidole shingoni mwa gitaa, na furaha ikamwishia. Nyuzi zilizosema kweli zikiwa wazi zilianza kuongopa mara tu alipozibonyeza, na kadiri alivyopanda ndivyo uongo ulivyozidi. Uzi mwembamba kuliko wote ulikuwa unavuma kama nzi ndani ya chupa. Akasawazisha upya. Mambo yakawa yaleyale.

Nje, mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo, na mwenye jina hilo akaingia bila hodi.

“Nimesikia tangu mlangoni,” alisema Kishindo, akiketi juu ya robota la vitambaa. “Pole, Dada. Kayamba ninalo garini.”

“Kaa kimya unywe maji. Sijakuambia kwamba nimemaliza.”

“Watu wanaanza kuingia ukumbini.”

“Nao wakae.”

Akapiga moyo konde. Kishika-nyuzi kilikuwa kimetulia tuli, hilo alilishuhudia kwa vidole vyake. Basi palikuwa na kingine kilichobadilika. Akavaa miwani yake ya kutungia sindano, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa nyuzi. Ndipo alipoona. Uzi mnene ulikuwa umekaa juu ya jino lenye mfuo mwembamba, kama bonge la mtu juu ya kigoda cha mtoto, na uzi mwembamba ulikuwa umezama katika mfuo mpana. Mara ngapi alikuwa ameletewa cherehani inayorukaruka mishono, na ubaya wote ukawa ni sindano iliyochomekwa kinyume!

“Nani amegusa daraja?” aliuliza bila kuinua kichwa.

Bwana Stoo akakitoa kile kitambaa begani, akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine.

“Nililipangusa tu ulipokuwa mlangoni na mteja,” alisema. “Lilikuwa na vumbi la enzi na enzi.”

“Ukalirudishaje?”

“Vizuri kabisa! Vichwa vya skrubu nikavielekeza huku mbele, vionekane. Ghalani kila kitu hutazama mlangoni.”

Mama Sindano alimtazama mumewe. Akataka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka miwani ikamteleza.

“Shemeji,” alisema Kishindo, “wewe ukipangusa saa, jua litachwa asubuhi!”

“Nawe ukizipangusa ngoma zako siku moja, shemeji, tutajua zina rangi gani.”

Kila jino la daraja lilikuwa limewekwa mahali pake ili kuupa uzi wake urefu unaoustahili. Kuligeuza daraja ni kumvika baba koti la mwanawe, na mwana la babaye. Mama Sindano alizilegeza nyuzi, akaligeuza, akazikaza tena, vidole vikienda mbio lakini bila kukosea. Akawasha spika, akasimama wima.

“Haya. Sikilizeni.”

Akaanza wimbo mrefu toka chini, akapanda hatua kwa hatua, na kila sauti ikatoka safi kama maji ya mtungi. Akazivuta nyuzi kwa nguvu zake zote, akaziachia, akazivuta tena pasipo huruma. Zilirudi, zikarudi, zikarudi. Kishindo aliinamisha kichwa akitafuta kosa, akalikosa. Mguu wake ukaanza kupiga sakafu bila ruhusa yake. Akatoa simu.

“Kijana? Pumzika leo, ndugu yangu.” Akasikiliza. “Hapana. Na Jumamosi ijayo pia.”

Jioni ile, ukumbi ulipojaa pomoni na wimbo mrefu ukafika pale bendi inaponyamaza, Mama Sindano alisogea mbele ya jukwaa. Alianza chini, kwa utulivu, akawaacha watu wadhani kwamba ameogopa. Kisha akauvuta uzi wa kwanza kuliko alivyowahi kuuvuta maishani, akaushikilia juu huko mpaka wanawake wa mbele wakashika vifua, akauachia, ukatua palepale. Ukumbi ukalipuka. Akaendelea, akapita mahali pa kumalizia, akazunguka upya, na bendi ikabaki kumkodolea macho. Alipogeuka kumpa mdogo wake ishara ya kuingia, alimkuta fimbo za ngoma amezipachika kwapani, akipiga makofi pamoja na watu.

“Piga ngoma, wewe!” alimpigia kelele. “Umelipwa kunitazama?”