Salamu ya Heriberto kwa Mkewe

Kwa miaka thelathini na mmoja, Edelmira Barría alisoma salamu za watu redioni mjini Castro, huku kwetu Chiloé, visiwa vya kusini mwa Chile. Visiwani walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Mgonjwa akiruhusiwa hospitali, jamaa zake walisikia kwa Edelmira ni boti ipi waende kuingoja gatini. Mtu akifariki, Edelmira alinyamaza kidogo kabla ya kutaja jina, ili aliyesimama apate kukaa.

Kituo kilipofungwa alirudi kwenye jiko lake la kuni, akawa anafuma soksi. Mpwa wake Nayadet, karani wa zahanati, aliziona zinavyozidi kujaa kabatini.

"Shangazi, miguu ya watu imekwisha mji huu. Turudi kwenye salamu."

"Redio iko wapi?"

"Simu ipo."

Wakaanzisha podikasti. Watu walituma salamu zao kwa sauti kwenye simu ya Nayadet. Programu ya akili mnemba ilizisikiliza, ikaziandika na kuzipanga kisiwa kwa kisiwa. Edelmira alizisoma akiwa jikoni, amejifunika blanketi ili mwangwi usiingie. Programu nyingine ilifuta sauti ya mvua iliyokuwa ikipiga bati, kisha ikakirusha kipindi mtandaoni na kwenye makundi ya simu ya kila kisiwa. Kabla watu hawajamaliza chai ya asubuhi, kisiwa kizima cha Quehui kilikuwa kimeshasikia.

"Mbona sikohoi?" Edelmira aliuliza alipojisikiliza mara ya kwanza. "Imenifanya msichana."

"Usijisahau. Sokoni wanakuona."

Jumanne moja ya mwezi wa Agosti alisoma hivi: "Kwa Clorinda Nahuelquín, aliye Castro kwa dada yake. Heriberto wa Quehui anakuarifu kwamba ng'ombe amezaa salama." Akaendelea na salamu nyingine.

Mchana alikwenda kununua sufu kwa Otilia, dada yake Clorinda. Otilia alimpimia bila kumtazama.

"Dada yangu kafunga sanduku," alisema. "Kesho anakwenda kwa binti yake Puerto Montt, na safari hii harudi kwa yule mzee."

"Kumetokea nini?"

"Wiki tatu tangu wagombane anangoja neno la mumewe. Neno lenyewe limekuja leo, ulilisoma wewe. Ng'ombe."

Edelmira alirudi nyumbani na jambo hilo moyoni. Heriberto alikuwa mchache wa maneno, hilo alilijua tangu enzi za redio, lakini hakuwa mchache kiasi hicho. Jioni alimwomba Nayadet amfungulie sauti yenyewe, ile iliyotumwa.

Kwanza ulisikika upepo, na mbwa. Kisha Heriberto: "Mwambieni Clorinda ng'ombe amezaa salama." Akakaa kimya. "Ndama bado hana jina. Huwa anawapa yeye." Akakaa kimya tena, zaidi ya mwanzo. "Mwambieni nilikosa mimi. Basi."

Nayadet aliweka simu mezani.

"Niliiagiza ifupishe salamu ndefu. Imechukua habari, mengine ikayaona maneno tu."

"Na mimi nikasoma nilichopewa. Zamani nisingesoma barua ya mtu kabla sijaipitia mara mbili."

"Tuirushe upya sasa hivi, Shangazi."

"Nani atafungua simu kusikia habari za ng'ombe huyohuyo? Nitakwenda mwenyewe."

Asubuhi alimkuta Clorinda kituo cha mabasi, amekaa kwenye benchi na sanduku miguuni.

"Nimekuja kukusomea upya, Bi Clorinda."

"Nilisikia. Amezaa salama. Mpe hongera."

"Nilikusomea nusu. Kosa ni letu, si lake." Akampa simu ya Nayadet.

Clorinda aliiweka sikioni, macho kwenye mabasi. Ilipokwisha hakuirudisha.

"Rudia."

"Tangu mwanzo?"

"Pale mwishoni."

Akasikiliza tena. Alitoa leso, akaishika tu mkononi.

"Miaka arobaini na minne," alisema, "sijawahi kulisikia hilo neno kinywani mwake. Amekwenda kuiambia simu ya watu."

"Mbele yako pengine lingemkwama."

"Lingemkwama, ndiyo." Akacheka kidogo, kisha akainuka maana dereva alikuwa akiita abiria. "Binti yangu ananingoja, nisimvunje moyo. Na mzee naye acha apike mwenyewe siku mbili tatu. Lakini nipelekee salamu. Na isifupishwe."

Tangu siku hiyo Edelmira alisikiliza kila sauti mwenyewe, akiandika kwa kalamu pale ambapo mtu amenyamaza. Mashine ilibaki na kazi ya kufuta mvua na kukirusha kipindi. Kipindi kikawa kirefu zaidi, na hakuna aliyelalamika.

Alhamisi alisoma: "Kwa Heriberto, Quehui. Jumapili, boti ya saa nane mchana. Ndama asipewe jina na mtu."

Waliokuwa botini Jumapili hiyo wanasema mzee alikuwa gatini tangu asubuhi, mvua inamnyeshea. Clorinda alimkabidhi sanduku, akamfunga vifungo vya koti, akatangulia kupanda mlima. Mzee akamfuata nyuma, akizungumza.