Ukingo wa Nje

Nilichokiona kwanza ni soli. Kiatu cha kushoto cha Namalwa kilikuwa kimelika ukingo wa nje, kidogo tu, kama sabuni ya mche iliyotumiwa upande mmoja. Vumbi jeupe la magadi ya ziwani lilikuwa limetulia pale palipolika.

Nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu ili nimsaidie baba, Joash, fundi wa viatu mtaani Bondeni. Namalwa alikuwa na miaka mitano. Alizaliwa na unyayo uliopinda kwa ndani. Hospitalini wakamfunga plasta ngumu, moja baada ya nyingine, mpaka ukanyooka. Mama yake, Truphosa, ambaye mumewe alifanya kazi kwenye reli, alimtembeza mlangoni petu mara mbili, huku na huku.

"Joash, hebu mtazame. Nani angejua?"

"Huyo sasa atamaliza soli za mji mzima," baba akasema, na Truphosa akacheka mpaka akajifuta machozi.

Mimi nilikuwa nimekishika kiatu. Kwa ukingo ule uliolika nilijua mguu unaanza kupinda tena. Lakini kicheko kile kilikuwa kizuri mno kukikatiza. Nikaongeza ngozi ukingoni, nikaisugua, kiatu kikakaa sawa.

Kila baada ya miezi michache kilirudi, nami nikaongeza ngozi, kila mara nene kuliko iliyotangulia. Alipokua, viatu vilibadilika, ukingo haukubadilika. Mchana mmoja wa joto nilisinzia nyundo ikiwa mkononi, nikakiona kiatu kikitembea peke yake juu ya maji ya ziwa, kimenyooka, hakiachi alama.

Mwaka wa hamsini na nane Namalwa aliingia akichechemea. Mama yake akaketi kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Daktari anataka kukata mfupa. Anasema tungerudi mapema, plasta ingetosha. Tungejuaje, Zeddy? Viatu vyake vilikuwa sawa siku zote. Una mkono mzuri, mwanangu."

Nikapiga magoti, nikauweka unyayo wa Namalwa juu ya karatasi ili niuchore. Ulikuwa mdogo kuliko mwenzake, mgumu, wenye joto.

"Unanitekenya," akasema.

Penseli ilizunguka kisigino, ikafika ukingo wa nje, ikasimama.

"Mama Namalwa," nikasema bila kuinua kichwa, "mimi niliona. Tangu akiwa na miaka mitano. Niliona, nikafunika kwa ngozi."